Makaroni ya Kamba na Jembe la Mama

Mama alipoanza kuacha chakula, nilidhani tatizo ni chakula chenyewe. Ndivyo nilivyo. Jambo likinishinda natafuta namna ya kulipika, nanunua vinavyohitajika, naamini litatengemaa. Ofisini kwangu hapa Kibaha shughuli yangu ni kuwapangia watumishi wenzangu likizo na uhamisho, nani aende wapi na arudi lini, na katika miaka yote hiyo sijawahi kusikia mtu niliyempanga vizuri akalalamika. Au pengine wamelalamika, ila mimi sikuwa nasikiliza.

Mama naye nilimpanga. Alikuwa akiishi Kibuta, ndani huko Kisarawe, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, yeye na mikorosho yake na shamba la mihogo ambalo kila mwaka aliahidi kulipunguza na kila mwaka akaliongeza. Asubuhi moja aliteleza nyuma ya jiko akiwa na ndoo ya maji. Alilala pale chini mpaka jua likawa la utosi, ndipo jirani aliyepita kuomba chumvi akamkuta. Hakuvunjika popote. Aliponisimulia kwenye simu alisimulia kama habari ya mvua ya juzi, akaongeza kwamba alipokuwa amelala chali ndipo alipogundua kuwa paa la jiko lina tundu. Nililia simu ikiwa sikioni. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na mume wangu, tukafunga nguo zake, tukampakia garini.

Nyumbani kwangu alipata chumba chenye dirisha la mashariki, kitanda kipya, chandarua kipya na redio. Tulikuwa na msaidizi, mwanamke wa makamo kutoka kijiji cha Janga anayekuja asubuhi na kuondoka alasiri, siku za kazi tu. Nilimpa amri moja: mama asiguse kitu. Asishike ufagio, asioshe kikombe, asichambue hata mchele. Amefanya kazi tangu akiwa msichana, basi kwangu apumzike. Na niseme lililokuwa moyoni, niliwaogopa majirani. Mtaa wetu ni wa watu wa ofisini na wa viwanda vya Zegereni, na kila mmoja jicho lake liko uani kwa mwenzake. Wangemwona mama ameinama na ufagio, wangesema nimemtoa mzazi kijijini nije nimtumikishe.

Mwezi wa kwanza alikula vizuri. Wa pili akaanza kubakiza nusu sahani. Kufikia wa nne akawa anakula vijiko vitatu, anasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba," kisha anaisukuma sahani taratibu, kwa ile adabu ya mtu aliyekaribishwa nyumba asiyoizoea. Nilimpeleka hospitali wakampima kila kinachopimika. Daktari alinirudishia karatasi akasema mama yako ana afya kuliko wewe. Nikarudi jikoni. Nikajaribu supu ya kuku wa kienyeji, nikajaribu samaki wa nazi, nikajaribu uji wa ulezi wenye karanga. Vijiko vitatu, alhamdulillahi.

Ijumaa moja nilirudi kazini nikamkuta barazani, mikono mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jumatatu unirudishe kwangu."

Hakutanguliza hata habari za kutwa. Nikamwambia kwake ndiyo hapa.

"Hapa kwako," alisema. "Kwangu Kibuta. Na baba yako kule, nani anamfagilia?"

Kaburi la baba liko chini ya mkorosho wa kwanza, hatua chache kutoka mlangoni, na majani ya mkorosho hayana likizo. Nililijua hilo. Hata hivyo nilikasirika. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na miezi minne ya supu ilikuwa imenikaa kooni. Nikamwuliza, "Ukianguka tena atakuokota nani? Baba?"

Nikishakasirika ulimi wangu hauna breki, na huyo ndiye aliyenizaa, anaujua. Hakujibu kwa hasira. Aliangalia viganja vyake, akavisugua kimoja kwa kingine, akasema tu, "Jumatatu." Usiku huo nilipoingia kumtengenezea chandarua niliona mfuko wake chini ya kitanda, umeshafungwa.

Nilikuwa na siku mbili. Mtu mwingine angekaa na mama yake akamsikiliza. Mimi nilifungua friji.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Mama anapenda tambi. Ramadhani zote za utoto wangu alikuwa akila tambi za sukari na iliki mpaka baba anamtania kwamba funga ya mkewe ni ya kungojea tambi. Mama anapenda kamba. Baba alipokwenda Dar es Salaam na korosho alirudi na kifurushi cha gazeti chenye kamba wakavu, na mama aliwatwanga akawatia kwenye kisamvu. Tonge la kwanza alilila amefumba macho. Mama anapenda maziwa. Na meno yaliyobaki kinywani mwake ni ya kuhesabika, anahitaji kitu laini. Basi nikajumlisha: makaroni, kamba, maziwa, na jibini juu yake, vyote vikaokwe pamoja. Chakula hicho nilikila mara ya kwanza kwenye shughuli ya kumuaga mwenzetu ofisini, nikamng'ang'ania mpishi mpaka akaniambia anavyofanya, na tangu hapo ndicho ninachowapikia wageni. Kila mtu ana chakula chake cha kujivunia. Mimi changu ni hicho, na sikuwahi kumpikia mama.

Jumamosi mume wangu, ambaye kazi yake iko mjini, alipitia Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, akarudi na kamba wabichi, ngisi wawili na kipande cha nguru, vyote ndani ya ndoo ya barafu. Jibini nilinunua mwenyewe.

"Unadhani atakula?" aliniuliza.

"Atakula na Jumatatu haendi popote," nilimjibu. Alinitazama kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akaenda kuosha ndoo. Ni mtu wa maneno machache, na miaka hiyo nilikuwa nahesabu ukimya wake kama kukubali.

Jumapili msaidizi hayupo, jiko ni langu peke yangu. Nilianza baada ya chai. Kamba nikawamenya, nikawapasua mgongoni na kutoa ule uzi mweusi, na maganda sikutupa. Niliyachemsha na kitunguu na pilipili manga mpaka maji yakawa mekundu, nikayachuja. Ngisi nikawakata pete nyembamba. Nguru nikamkatakata na kumkamulia ndimu.

Mama alikuja mlangoni, akasimama ameegemea kizingiti.

"Lete nikumenyee hao."

"Pumzika, mama. Namalizia."

Sikuwa namalizia. Bakuli zima la kamba lilikuwa bado. Alisimama kidogo, akaangalia kisu changu kinavyokwenda, nikajua ananiona ninavyowaharibu, maana mimi nikimenya kamba nusu ya nyama inabaki kwenye ganda. Kisha akarudi barazani. Neno hilo, pumzika, sijui nililitamka mara ngapi katika miezi ile. Nilikuwa nalisema kwa upendo, na ninaapa kwamba kila mara nilijisikia mtoto mwema.

Makaroni nikayachemsha lakini sikuyaivisha sana, kwa kuwa yangeendelea kuiva ndani ya oveni. Siagi nikaiyeyusha, nikakaanga unga wa ngano vijiko vitatu bila kuuacha ubadilike rangi, nikamimina maziwa kidogo kidogo na yale maji ya maganda, huku nakoroga mfululizo ili madonge yasipate nafasi. Mchuzi ukawa mzito. Nikatia kitunguu saumu, chumvi, kungumanga kwa mbali, na konzi ya kwanza ya jibini niliyoikwangua kwa kikwangulio cha karoti. Kamba, ngisi na nguru nikawageuza kikaangioni mara moja tu, kwa sababu ngisi akizidishiwa moto anakuwa mpira. Vyote nikavichanganya, nikavilaza kwenye bakuli langu la kioo la kuokea, zawadi ya harusi ambayo hutoka kabatini kwa mgeni mkubwa tu. Juu nikatandaza jibini iliyobaki mpaka makaroni hayaonekani.

Nilitandika meza. Sahani tatu, yangu, ya mume wangu na ya mama, na vikombe vya juisi ya nanasi. Nikaliingiza bakuli kwenye oveni, nikafunga mlango wake, nikajifuta mikono. Kabla sijatundika taulo, umeme ukakatika.

Redio ya mama ilinyamaza katikati ya kaswida. Friji ikaguna, ikatulia. Nilisimama mbele ya oveni iliyoanza kupoa kabla haijapata moto, na kwa dakika nzima niliiongelesha. Jiko la gesi tunalo, la mafiga mawili, lakini gesi inachoma chini, na chakula hiki chini kilikuwa kimeshaiva. Nikawapigia simu majirani wawili, kwao pia haupo. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Mwanamke mzima, mwenye watoto wawili shule ya bweni na muhuri wa ofisi, nikaanza kulia kwa ajili ya jibini.

"Umeme umekwenda," mama alisema mlangoni.

"Utarudi."

"Na usiporudi?" Aliingia ndani, akachungulia kioo cha oveni. "Kinataka nini hicho?"

"Kinataka moto wa juu, mama. Chini kimeiva. Hiyo jibini iyeyuke, ikauke, ipate rangi."

"Moto wa juu," alirudia. "Jiko la mkaa liko wapi?"

"Mama, pumz..."

"Liko wapi, weye?"

Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu siku nilipovunja mtungi wake nikiwa darasa la nne. Niliinuka nikaenda stoo. Nilipotoka na jiko, lina vumbi na utando wa buibui, mama alikuwa ukumbi wa nyuma, ameshakunja kanga kiunoni na kuishika ndoo tupu.

"Mchanga. Mkavu. Usiniletee wenye majani."

Upande wa choo cha nje palibaki mchanga wa ujenzi wa ukuta wetu. Nilichota nikaleta. Akaniuliza sufuria kubwa kuliko zote ni ipi, nikampa ile ya pilau. Akamwaga mchanga chini, akausawazisha kwa kiganja. Nikamletea bakuli langu la kioo. Aliligonga kwa kucha, akacheka kidogo puani.

"Kioo na mkaa hawajawahi kupatana. Hamishia kwenye hii."

Ilikuwa sufuria nyeusi isiyo na mikono, ya kuchemshia maharage. Nilihamisha chakula changu cha kujivunia kwa mwiko, na ile jibini niliyoitandaza kwa vipimo ikaenda upande upande. Yeye alikwisha kuwasha mkaa. Alichuchumaa mbele ya jiko, anapepea na kipande cha boksi, anapanga makaa kwa koleo, makubwa ya chini, madogo ya juu.

"Mguu wako, mama. Ngoja nikuletee kigoda."

"Mguu haupiki."

Nikaielewa kazi yake. Ndivyo alivyokuwa akioka mkate wa kumimina pale Kibuta, moto chini na moto juu ya mfuniko, na sisi watoto tukizuiwa kukimbia karibu ili vumbi lisiruke. Nimeula mkate ule miaka yangu yote ya utoto. Na nilikaa dakika ishirini jikoni kwangu nikililia oveni, na huku mwokaji yuko barazani, mikono mapajani, nimemkalisha mimi. Nililiona hilo, nikaona haya, na kama kawaida yangu nikiona haya nilitaka kulifunika kwa kufanya kitu.

"Nipe koleo, mama. Umeshanionyesha. Nenda ukakae, nitakuita kikiiva."

Hakunipa. Alibaki amechuchumaa, koleo mkononi, akaniangalia kutoka chini kwenda juu.

"Siku ya kwanza nilikaa," alisema. "Ya pili nikakaa. Ya tatu nikasubiri. Miezi minne sasa, mwanangu. Jembe langu liko wapi?"

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna mtoto aliyesoma nchi hii asiyeijua methali hiyo. Shuleni tuliiandikia insha, na wote tuliandika jambo lile lile, kwamba inamwonya mgeni mvivu asizoee kukaa bure. Haikunijia hata siku moja kwamba mgeni mwenyewe anaweza kuwa analingojea hilo jembe. Kwamba siku ya tatu asipopewa, ameshaambiwa: wewe hapa ni wa kupita. Mimi kila asubuhi kwa miezi minne nilikuwa nikimwambia mama yangu hivyo, kwa sauti ya upole, pamoja na chai.

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya ukumbi wa nyuma, kando yake. Viganja vyake vilikuwa karibu na moto na nikaviona vizuri. Sugu zilikuwa zinatoka. Ngozi iliyokuwa ngumu tangu kabla sijazaliwa ilikuwa inalainika na kubanduka, nyeupe pembeni, na nikaelewa alichokuwa anakisugua siku ile ya Ijumaa.

Alipoitumbukiza ile sufuria nyeusi ndani ya ile ya pilau, juu ya mchanga, akafunika na kupanga makaa juu ya mfuniko, alianza kuzungumza mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nyingi. Alisema mkaa wetu ni wa mti mbovu, unarusha cheche. Alisema kamba wa leo wamelegea kwa sababu nimewaosha mno. Aliniuliza hayo maziwa magumu yananuka hivyo ndivyo yalivyo au yamechacha. Alinigombeza mfululizo, na mimi nilikaa pale nikigombezwa, nimefurahi kiasi ambacho sikuweza kukieleza hata kwa mume wangu baadaye.

"Funua sasa," alisema. "Taratibu."

Nilifunua kwa papara. Mfuniko ukaenda mrama, na majivu yakamwagika upande mmoja. Mama hakupiga kelele. Alichukua kijiko, akachora mstari kwenye jibini iliyoiva, akasema, "Upande huo wako."

Lakini sehemu iliyobaki, jamani! Oveni yangu haijawahi kutoa kitu kama kile. Juu ilikuwa imekauka rangi ya andazi, imetoboka vitundu vinavyochemka mchuzi, na pembeni imeshika sufuria. Mama alibandua kipande cha pembeni kwa kidole, akakipuliza, akakitia kinywani.

"Kumbe ukoko," alisema. "Ukoko wa juu."

Nilinyanyua sufuria niipeleke mezani. Akanishika mkono.

"Mpakulie mwenzio ale huko. Sisi tandika mkeka hapa."

Nikampelekea mume wangu sahani yake. Aliipokea, akatazama nyuma yangu kuelekea ukumbini, akasema yeye atakula barazani, kuna upepo. Nilipomwambia mama hivyo, alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari njema. Tulikula kwenye mkeka, sufuria katikati. Alikula sahani ya kwanza. Nilijizuia kuangalia kijiko chake. Akajipakulia ya pili.

"Kumbe siku zote kule mezani..." nilianza.

"Mtu atatafunaje mkwewe anamtazama meno?"

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Mgeni hasemi," alijibu, akaokota kamba mmoja mkubwa akamtia upande wangu, juu ya majivu.

Nilidhani nimeshinda. Aliosha vyombo mwenyewe, sikumzuia, umeme ukarudi alasiri na redio ikaendelea na mambo yake. Jioni nikamfuata chumbani kwake. "Chakula kimekupendeza, mama?"

"Si kibaya. Kinanuka, lakini si kibaya." Alikuwa amekaa kitandani, mfuko uko pale pale miguuni. "Jumatatu nayo iko pale pale."

Iliniuma. Sikubishana. Nilirudi kwa mume wangu, nikamwambia kesho nampeleka mama Kibuta, na yeye, ambaye nilikuwa nimezoea kumsikia akinyamaza, alisema, "Mpeleke. Ila usimpeleke kama unamrudisha mgeni."

Asubuhi niliomba ruhusa kazini. Nilikwenda mapema Maili Moja, hapa hapa Kibaha, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, wakati muuzaji anafungua mlango. Nilinunua jembe. Sikuwa nimewahi kununua jembe maishani, mimi niliyepita hapo hapo miaka na miaka nikitafuta vitasa na rangi. Muuzaji aliniuliza napendelea lipi, nikamwambia lile ambalo mtu anayejua angechagua, akacheka, akanichagulia, akalipachika mpini.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amevaa baibui lake, yuko barazani na mfuko wake. Nilifungua mlango wa nyuma wa gari niupakie. Aliliona jembe kwenye kiti.

"Hili la nani?"

"Lako," nilisema. "Ukitaka twende nalo Kibuta, tutakwenda nalo sasa hivi, na nitatafuta mtu wa kulala pale nawe. Ukitaka libaki hapa, litabaki. Mimi sikupangii tena, mama. Nataka ubaki. Nataka sana. Lakini sikupangii."

Hakuna mtu niliyewahi kumwambia maneno hayo, ofisini wala nyumbani. Mama alilitoa jembe garini. Alilipima uzito kwa mkono mmoja, akaukagua mpini toka juu mpaka chini, akasema aliyeuchonga alikuwa na haraka. Kisha akatazama bustani yangu ya mbele. Zilikuwa nyasi za kupandwa, fupi, za kijani, nilizokuwa nazimwagilia kila jioni nikirudi kazini, na ambazo mtu akizikanyaga nilikuwa nakohoa.

"Nyasi hizi anakula nani?"

"Haziliwi, mama. Ni za kupendeza."

"Aa," alisema.

Alivua baibui, akaliweka juu ya mfuko, akakunja kanga. Jembe la kwanza liliingia katikati kabisa ya bustani. Alilima mistari mitatu huku nimesimama na ufunguo wa gari mkononi, ndipo akanyoosha mgongo.

"Nitakaa mpaka mihogo ikomae," alisema. "Usinishikilie zaidi ya hapo. Na kila mwezi unipeleke nikamfagilie baba yako."

Msaidizi wetu alileta mbegu kutoka Janga siku iliyofuata, mzigo wa vijiti vilivyofungwa, na wakabishana nusu saa yeye na mama juu ya aina ipi inaiva haraka. Mama alichagua isiyoiva haraka. Hilo nililiona na nikalinyamazia. Majirani walisema, kama nilivyojua watasema. Mihogo ilipokwisha kuota, mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza kama mama yangu hapati pumziko. Kabla sijamjibu, mama alimwita kutoka kwenye tuta akampa fungu la kisamvu, na tangu siku hiyo jirani huyo akipita kwetu anauliza kama majani yamechipua tena.

Mama akaanza kula. Si kila siku na si kila kitu, lakini hakuna tena kuhesabu vijiko. Anakula ukumbi wa nyuma kwenye mkeka, mara nyingi nami, na mkwewe anamwamkia kwa mbali kila asubuhi kwa heshima zote na wote wawili wanaridhika. Mwisho wa kila mwezi tunakwenda Kibuta. Anafagia kaburi, anamweleza baba habari za mihogo ya Kibaha na udongo wake wa kichanga, tunafunga mlango, tunarudi. Makaroni ya kamba tunayapika mara moja moja, siku mume wangu akipitia Feri. Mama anamenya kamba, hakuna nyama inayobaki kwenye ganda. Oveni inafanya kazi vizuri sana na hatuitumii.

Mwezi uliopita mihogo ilikomaa. Nililijua kabla hajaniambia, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuitazama nikitoka na nikiingia, kama mtu anayetazama kalenda. Jumapili asubuhi aling'oa shina la kwanza. Nilisikia ardhi inapasuka. Mihogo ilikuwa minene, mingi, akaipanga barazani, na mimi nikasema mashallah, nikaingia ndani upesi kukwangua jibini ili asinione uso.

Niliwasha mkaa mwenyewe siku hiyo. Nikapanga makubwa ya chini, madogo ya juu. Nilimsikia akikata mashina ya mihogo kwa panga, vipande vifupi vifupi, na nilipochungulia alikuwa anavifunga mzigo kwa ukindu. Ndivyo inavyofungwa mbegu ya kusafiri nayo. Lakini nilikuwa nimetoa ahadi.

"Mama," nilisema kutoka mlangoni, "hizo nizipakie garini leo, au mpaka Jumamosi tukienda?"

Alinyanyua mzigo wake akanipita, akazunguka pembe ya nyumba. Niliendelea kusimama, mfuniko mkononi, mchuzi unachemka. Kisha upande wa nyuma, chini ya dirisha la chumba chake, nikalisikia jembe.

"Weye!" aliita. "Hii waya yako ya kuanikia nguo, mwambie mwenzio aihamishe. Iko shambani kwangu."